Mkono Begani mwa Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Mke wangu kaleta habari nzito. Jumapili Mama Mkwe anatimiza miaka sabini, na siku hiyohiyo atatangaza ni mkwe gani anapewa chumba cha mbele cha nyumba yake, kile chenye mlango wa barabarani, kinachofaa biashara. Wakwe tuko wawili. Mimi, mpiga picha za pasipoti chini ya ngazi za duka la dawa, mahali ambapo mteja mrefu huingia ameinama na kutoka na nundu. Na mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, seremala, mtu wa maneno manne kwa siku. Chumba ni changu! Kilichobaki ni kumfahamisha Mama Mkwe.

Jumanne, 5 Mei

Nimepita karakana ya seremala kama mtu aliyepotea njia. Zawadi yake ni fremu. Fremu! Anataka kuivika upya picha ya Marehemu Baba Mkwe, picha pekee aliyotuachia: ameketi kwenye kiti cha studio, kanuna, na begani ana mkono wa mtu aliyekatwa nje ya picha. Nikamsifu sana. Nikatoka nacheka mpaka mbavu zinauma.

Yeye amvike, mimi nitamwamsha. Kuna huduma ya akili mnemba mtandaoni: unaipa picha iliyoganda, unaiandikia unachotaka, inakurudishia video. Ninachotaka nakijua. Baba Mkwe atabasamu, ainue mkono, aelekeze kidole upande wa dirishani. Na Jumapili, video ikionyeshwa kwenye televisheni ya Mama Mkwe, kati ya televisheni na dirisha nitakuwa nimekaa mimi.

Jumatano, 6 Mei

Nimemwomba Mama Mkwe ile picha, nikasema naenda kuifuta vumbi. Akasita. Akaniambia nirudishe kila kitu kama kilivyo. Nikamtoa wasiwasi, nikamkumbusha nani mtaalamu hapa.

Kufika studio, nikaitoa picha kwenye fremu yake kuukuu. Nyuma, kwenye ubao, kulikuwa na bahasha iliyokunjwa, imegandishwa kwa gundi. Makaratasi chakavu, sikuyatazama. Fremu, ubao na bahasha nikampelekea seremala achukulie vipimo, asije akasema nimembania. Nina roho nzuri mno, itaniponza siku moja.

Jaribio la kwanza: Baba Mkwe katabasamu, kinywa kimejaa meno kama kinanda. Mke wangu anasema baba yake alikuwa na pengo. Jaribio la pili: vidole saba. La tatu: kasimama vizuri kabisa, ila kiti nacho kimesimama naye, kimemganda nyuma. Nimefuta yote.

Ijumaa, 8 Mei

Imekubali! Sekunde tano safi. Anatabasamu (na pengo lake), anainua mkono, anaelekeza dirishani. Mke wangu kaitazama mara tatu. Kisha kauliza kama kweli baba yake alikuwa akitabasamu hivyo, maana yeye hakumbuki. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamwambia mashine haiongezi kitu, inaamsha tu kilichomo ndani ya picha. Sentensi tamu! Nimeiandika kiganjani kwa wino usiofutika niitumie Jumapili.

Jioni nimerudisha picha kwa seremala, aivike. Fremu yake ni kichekesho. Imezidi picha kwa upana karibu nusu nzima. Nikamwuliza kama futi yake inaumwa. Akasema itaenea. Neno moja; kabakiwa na matatu.

Jumapili, 10 Mei, asubuhi

Sekunde tano hazitoshi. Kidole kinainuka na kushuka, mtu akipiga chafya tu amekosa kuona chumba kinakwenda kwa nani. Huduma ina kitufe cha kurefusha video, mashine yenyewe inaendeleza pale ilipoishia. Nimekibonyeza, ziwe kumi. Tena nimeiweka video ijirudie yenyewe ikiisha, kidole kionekane mara nyingi. Inamalizia kushuka kwenye simu sasa hivi, na mke wangu ananiita mara ya nne kavaa viatu. Nitaitazama hukohuko pamoja na wenzangu.

Jumatatu, 11 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Sebule ilijaa. Mama Mkwe katikati, rimoti mkononi kwa sababu haruhusu mtu mwingine kuishika. Kando yake shangazi wa mke wangu, mdomo hauna breki. Mimi pale dirishani, shati limenyooshwa. Nikasimama, nikatoa hotuba fupi, nikaitema ile sentensi yangu: mashine haiongezi kitu, inaamsha tu kilichomo. Nikaiwasha video kwenye televisheni, nikaketi. Nikainamisha macho kwa unyenyekevu, kama mtu asiyejua kwamba marehemu yuko mbioni kumchagua.

Nikasikia minong'ono. Wameona tabasamu. Nikasikia mtu kashusha pumzi. Wameona kidole. Halafu kimya. Nikajisemea, chumba hicho! Nikazidi kuinama.

Kimya kikazidi. Nikainua kichwa. Ule mkono begani ulikuwa umeota mwanamke. Kijana, mrefu, gauni jekundu, anacheka. Kaingia kwenye picha kama mtu wa nyumbani. Baba Mkwe kamgeukia, kacheka naye, kanyanyuka kitini. Wakaondoka wote wawili, wameshikana mikono, kikabaki kiti kitupu.

Kisha video ikaanza upya.

Nikaomba rimoti. Mama Mkwe hakunisikia. Baba Mkwe kaondoka na yule mwanamke mara nne kabla sijaufikia waya wa televisheni na kuuchomoa.

Shangazi ndiye wa kwanza. Akasema alijua siku zote kaka yake alikuwa na siri. Nikaruka, nikasema ni mashine imembuni, huyo mwanamke hayupo wala hakuwahi kuwapo! Akaniuliza kama si mimi niliyeapa sasa hivi kwamba mashine haiongezi kitu. Nikatazama kiganja changu. Ilikuwa imeandikwa.

Hapo Mama Mkwe akasema, taratibu, kwamba ule mkono ni wake. Walipiga picha ile wiki waliyooana. Yeye alitoka kafumba macho, akaona haya, akajikata nje ya picha kwa mkasi. Ukabaki mkono tu, na mkono ulimtosha, kila asubuhi aliuona upo palepale begani. Akasema leo nimempa mtu mwingine. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ndipo seremala akainuka na kifurushi chake. Ile fremu pana. Ndani yake Baba Mkwe kanuna kama kawaida, na ubavuni, kipande kimeunganishwa mpaka mshono hauonekani, binti mfupi kafumba macho, mkono begani kwa mumewe. Alikikuta kwenye bahasha. Bahasha yangu! Niliyompelekea kwa mikono yangu miwili!

Mama Mkwe akaipapasa ile picha kwa kidole, akalia, akacheka, akamwuliza amejuaje kwamba hakukitupa, hata akakitafuta kwenye bahasha. Seremala akasema mtu hatupwi. Maneno mawili. Kwa maneno mawili kapewa chumba.

Mke wangu hajasema nami tangu jana. Naapa kwa maandishi: sigusi tena picha ya mtu.

Jumatano, 13 Mei

Nimekwenda kumwomba Mama Mkwe msamaha. Kanipokea vizuri, kanisamehe, kanikaribisha chai. Tulikaa chini ya ile fremu. Akasema haoni haya tena, picha anaipenda ilivyo.

Ni uungwana tu huo. Mimi ni mtaalamu, tatizo nililiona papo hapo: macho yamefumba. Alipokwenda kuongeza sukari nikaipiga picha kwa simu, harakaharaka. Nyuma ya nyumba yake kuna stoo kubwa, haina mwenyewe, na seremala hawezi kumpa mtu macho.

Nimeketi chini ya ngazi zangu. Majibu ya mashine yameingia sasa hivi. Jicho moja limefumbuka vizuri sana. Jingine limekataa, kwa hiyo anaonekana kama anamkonyeza mtu aliye nje ya picha.

Nimebonyeza kitufe cha kurefusha, tumwone ni nani.