Ombi la Kuhamishwa Nesi Fortunata Pamoja na Mizani Yake

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumamosi, baada ya Alasiri.

Kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati ya mtaani kwetu,

YAH: MUUGUZI KUINGILIA SINIA YA WATU WANNE

Baada ya salamu, na kukuombea afya ambayo mimi nimenyimwa ruhusa ya kuifurahia, naomba usome malalamiko haya bila haraka, kama nilivyoyaandika.

Mimi ni mwalimu wa madrasa kwa miaka thelathini na minane, na ndiye niitwaye kufunga dua kwenye hitma na maulidi za mitaa hii. Miezi mitatu iliyopita nilipimwa damu hapo kwako asubuhi, kabla ya chai. Nesi Fortunata akaniambia, kwa upole wote: "Babu, sukari imepanda, ila bado siyo kisukari. Upo mlangoni, hujaingia. Ukibadilisha ulaji, ukatembea, ukapunguza kilo nne, unaweza kurudi ulikotoka." Tangu siku hiyo sijastarehe.

1. Katika elimu niliyosomeshwa, mtu hahukumiwi kwa kosa ambalo hajalitenda. Aliyesimama mlangoni hajavua hata viatu. Inakuwaje anyang'anywe kashata? Ieleweke kwamba kahawa ya barazani ni chungu, na kashata ndiyo inayoisindikiza. Nesi ameruhusu kahawa, akazuia kashata. Wazee wenzangu walipoisikia hukumu hiyo, mmoja wao akanipa pole.

2. Nimepewa karatasi yenye picha ya sahani: nusu mboga za majani, robo wali, robo kitoweo. Ni dhahiri aliyeichora hajawahi kualikwa hitma. Kwetu sinia moja hukaliwa na watu wanne, na ile yenye minofu huwekwa mbele ya msoma dua. Nilijitahidi. Nilichora mstari kwa kidole kwenye pilau, nikajaza kachumbari upande wangu. Mzee Seifu, rafiki yangu tangu utotoni, akaniuliza, "Maalim, unakula au unagawa mirathi?" Kisha akavusha nyama zote upande wake wa mpaka, akidai hilo ni fungu la warithi walio hai.

3. Kwa nia njema nilizidisha funga za Jumatatu na Alhamisi, nikiamini kwamba mtu aliyefunga hana sukari ya kuulizwa. Jua likizama, mke wangu Bi Tatu hunitengea tambi za sukari, ndizi mbivu za nazi na uji mtamu. Kufuturu nako ni ibada, kwa hiyo sikubakisha kitu. Mwisho wa mwezi mizani ilidai nimeongezeka kilo moja. Nesi akaitazama, akanitazama, akasema, "Babu, mchana umefunga, magharibi umelipiza." Neno hilo si la kumwambia mtu wa umri wangu, hata likiwa la kweli.

4. Nimeamriwa kutembea nusu saa kila siku. Nikatembea hadi Mnazi Mmoja, nikisimama kuitikia kila shikamoo na kuulizia watoto wa kila mtu, kama adabu inavyotaka. Nilipotoa taarifa niliambiwa, "Hiyo siyo mazoezi babu, hiyo ni ziara." Ikabidi nikaze mwendo. Sasa, Mganga Mfawidhi, mzee mwenye kanzu akionekana Kariakoo anatembea mbiombio, watu hujua kitu kimoja tu. Siku ya kwanza wanaume watatu walifunga maduka wakanifuata, wakidhani nawahi maziko. Benedict, muuza vitenge kutoka Kilimanjaro, alifika Mnazi Mmoja akihema, akauliza, "Maalim, marehemu ni nani?" Nilipomweleza ukweli alijishika kitambi, akafikiri, kesho yake akaja tena. Hivi leo tupo kumi na mmoja. Juzi askari mmoja alitaka kujua tunaandamana kupinga nini.

5. Hili ndilo zito. Nesi aliniuliza kama katika ukoo wetu yupo mwenye ugonjwa huu. Nikamtaja kaka yangu Uledi wa Buguruni, ambaye kisukari kilimpofusha miaka sita iliyopita, na ambaye kila Ijumaa mimi humsomea msahafu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma. Nesi akaweka kalamu chini. "Basi macho yako wanayatumia watu wawili," akasema. "Usiyachezee." Sidhani kama muuguzi ameruhusiwa kumwambia mtu maneno hayo kabla hajanywa chai.

Kwa hayo yote naomba Nesi Fortunata ahamishiwe mbali, na mizani yake imfuate. Hilo likishindikana, nipewe cheti chenye mhuri kwamba halua iliyosomewa dua haihesabiki katika damu.

Wasalimie wafanyakazi wote wa zahanati, bawabu, na wagonjwa walio kwenye foleni. Bi Tatu anawasalimu pia, ingawa hakuniunga mkono katika barua hii.

Ni mimi mwenye kudhulumiwa kashata,
Maalim Abdulswamad Mwinyikombo.

Tanbihi: Barua hii nimeileta mwenyewe, kwa miguu. Kwa kuwa nilikuwa nimefika, nilipimwa. Kilo nne zimeondoka na sukari imeshuka. Nesi anasema nimetoka mlangoni, nipo nje uani. Kwa hiyo naomba uisome barua, usiitekeleze. Asihamishwe, kwani Jumatatu namletea wale kumi, aanze na Benedict, na Mzee Seifu ambaye tangu siku ya mpaka anakula nyama ya watu wawili.

Jana nilikwenda Buguruni kwa miguu vilevile. Kaka yangu alizisikia hatua zangu uani, akauliza ni kijana gani huyo anayeingia. Nilikaa karibu naye, nikafungua msahafu, nikaanza kumsomea.