Spoketi ya Meno Thelathini na Sita

Jumapili, 10 Januari 1999. Ramadhani 21.

Nimerudi kutoka Mtwara. Daktari kasema moyo umechoka na macho yana ukungu. Hakutaja muda. Ila aliponiuliza kama watoto wangu wanakaa karibu, nilimwelewa. Basi niandike ukweli. Mke wangu Mwanahamisi hawezi kuusoma mwandiko wangu, na malaika wanayo nakala yao.

Mwaka 1984 nilitangaza nimeuona mwezi wa Idi. Sikuuona. Niliona taa ya karabai ya wavuvi. Kijiji chetu chote, Msimbati, kikala Idi siku moja kabla, kwa kuwa Mwalimu Nassoro, yaani mimi, kasema. Jirani yangu Shafii peke yake alinitazama mara mbili. Tangu hapo kila mwaka huenda mwenyewe Ruvula, kwenye ncha ya rasi, ambako magharibi pako wazi, akarudi na habari kwa baiskeli. Miaka yote hii hajanisuta hata mara moja. Ndiyo maana simpendi.

Nia yangu: kabla sijafa nilete mwezi mmoja wa kweli, nami nifike msikitini kabla ya Shafii.

Chombo ninacho. Mzungu mtafiti wa kasa, niliyemfundisha Kiswahili, aliniachia pikipiki yake ya magurudumu manne, ya mashindano, na sanduku la vipuri. Watoto wanaiita Kaa.

Jumatatu, 11 Januari.

Kaja Fundi Josephu wa pikipiki. Tumefungua sanduku. Spoketi tatu za nyuma, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni: meno 36, meno 40, meno 44. Fundi anataka 44. Anasema meno mengi nyuma, nguvu nyingi, mbio kidogo, na mchanga unataka nguvu. Anataka pia matairi mapana yenye vinundu vya kashata, upepo nusu. Nikamwambia nimefundisha hesabu na jiografia miaka thelathini na moja. Akasema mchanga haukusoma kwangu.

Mtu wa Newala, huko bara. Bahari kaiona akiwa na ndevu.

Hesabu yangu: Ruvula hadi msikitini kilomita saba, zote pwani ngumu kama lami. Meno 36, matairi membamba, upepo mpaka yalie ukiyagonga. Dakika nane. Shafii na baiskeli yake, tena bila gia: dakika arobaini na tano. Fundi kafunga 36 huku akinung'unika Kimakonde.

Jumanne, 12 Januari.

Majaribio, saa kumi na moja jioni. Maji yametoka mbali. Kaa ilipaa. Nimepoteza kofia na kiatu kimoja. Dakika nane kasorobo!

Mwanahamisi kaniambia, "Baba Sabra, kama unataka kufa, nyumbani kuna kitanda." Shafii alikuwa anapita. Akauliza kwa upole siku ya mwezi nitapita wapi. Nikamwambia hapa hapa. Akasema, "Haya."

Haya gani hiyo? Wivu.

Jumamosi, 16 Januari.

Kikwazo. Sheikh Mohamedi amekumbusha kwamba mwezi wa Idi unataka mashahidi wawili. Fundi Josephu, mtu mwema, akajitolea kuwa macho yangu. Sheikh akamshukuru, akamwambia abaki na kanisa lake.

Habari njema: Issa, nduguye Shafii na shahidi wake wa kila mwaka, anaumwa homa. Shafii hana mtu. Nilifurahi, kisha nikamwomba Mungu msamaha, kisha nikafurahi tena kidogo. Mimi pia sina mtu. Wote niliowaomba wapande Kaa nami wamekumbuka shughuli zao shambani.

Jumatatu, 18 Januari. Ramadhani 29. Naandika kwa tabu.

Nilitangulia Ruvula saa sita mchana. Pwani ngumu, safari tamu. Nikajilaza kwenye kibanda cha wavuvi ili nitunze moyo.

Niliamka jua linazama. Pwani yangu haipo. Maji yako kwenye mizizi ya minazi.

Bamvua, maji makubwa. Mwezi mpya huja na bamvua, na huku kwetu jioni yake maji hujaa. Nimelichora jambo hilo ubaoni miaka thelathini na moja, jua, dunia na mwezi katika mstari mmoja, kwa chaki ya rangi. Watoto wa wavuvi darasani walikuwa wananitazama kwa huruma. Leo nimejua kwa nini. Mimi ni mtu wa Mahurunga, wa mihogo, si wa bahari.

Palibaki ukanda wa mchanga mkavu, laini kama unga. Nikawasha. Hatua ishirini. Mbio zote zikaishia kwenye gurudumu, Kaa ikajichimbia mpaka tumboni.

Shafii akatokea kwenye kijia cha nyuma ya minazi, na baiskeli yake. Hakucheka. Aliniuliza kama nimeuona. Akaninyooshea kidole ulipo. Nikatazama. Ukungu, na nyuma ya ukungu ukungu mwingine. Akasema yeye mmoja hatoshi. Bila wa pili, watu watafunga siku ya Idi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema habari ya 1984. Mdomo niliufungua kwa nia hiyo kabisa.

Nikasema, "Nauona. Mwembamba."

Akauliza pembe zimeelekea wapi. Nikasema juu. Akanitazama macho, akafuta mchanga kwenye keria ya nyuma ya baiskeli, kisha akasema, "Panda, Mwalimu. Miguu weka mbali na cheni."

Nimefika msikitini juu ya keria ya Shafii.

Jumanne, 19 Januari. Idi.

Takbira tangu alfajiri. Sheikh kawataja mashahidi: Shafii, na Mwalimu Nassoro. Watu wamenibusu mkono. Mwezi wa kweli, na nimeuleta mimi, kwa namna fulani.

Shafii kaja na sahani ya pilau. Niliazimia kumwambia kila kitu. Akala nami, akanawa, akauliza kama anauliza bei ya samaki: "Mwalimu, mwezi wa mwaka ule wa themanini na nne na wa jana, upi ulikuwa mwembamba zaidi?"

Nikafikiri. Nikasema wa jana.

Akasema, "Haya."

Wanaume wanane wameichimbua Kaa. Fundi anauliza kama sasa afunge 44. Hapana. Nimelipima jambo hili vizuri. Tulikwama kwa sababu tulikwenda polepole. Chombo chenye mbio hakipati nafasi ya kuzama. Nimemwandikia Mzungu aniletee spoketi ya meno 32, na matairi membamba zaidi. Mwezi wa Idi ya kuchinja uko mbele, na Shafii hataniweka tena kwenye keria.

Majaribio nimeyapanga wiki ijayo, mwezi ukifika nusu, jioni, maji yakiwa yametoka na pwani ikiwa ngumu, kama ile mara ya kwanza.