Paja la Kuku la Mtani Wangu

Masolwa Lugembe,
Mwanafunzi wa Uhudumu wa Mezani,
Jikoni, upande wa vitunguu,
Mgahawa wa Mwezi Mpevu,
Tabora.

Kwa Mkuu wa Chuo,
Mwalimu Raymundi.

YAH: KUNYIMWA SAINI KWA SABABU YA PAJA LA KUKU

Mwalimu, shikamoo. Natumaini u mzima na ile presha imetulia, maana nakuletea nyingine. Mimi ni mzima ila nimeonewa. Ukiona karatasi ina matone, ni vitunguu, wala silii.

Chuo kilinileta hapa miezi miwili nijifunze kuhudumia wakubwa. Mafunzo yanaisha Ijumaa, na meneja wetu, Dada Elieth, amekataa kusaini daftari langu la mafunzo kwa vitendo. Bila saini hakuna cheti, na bila cheti narudi Sikonge kwenye tumbaku ya baba. Huko nimeshawatangazia watu wote, mpaka warina asali walioko porini, kwamba wakiniona tena nitakuwa nimevaa tai. Kwa hiyo jambo hili si dogo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tumekatazwa shikamoo. Mteja akiingia tuseme, "Karibu sana, naitwa Masolwa, nitakuhudumia leo." Mwalimu, mtu wa umri wa bibi yangu namtajia jina kabla sijamwamkia, ataniona nimelelewa na nani? Siku ya kwanza nilimwamkia mama mmoja wa wigi jekundu, akauliza hiyo shikamoo nampa yeye au namtuma ampelekee mama yake. Dada Elieth akaandika kwamba sijui kumsoma mteja. Mimi kusoma najua. Kidato cha pili niliachia njiani kwa sababu nyingine kabisa.

2. Chakula. Sahani pana kama ungo, katikati ugali umekatwa pembetatu, juu yake jani. Asali ya kwetu, ambayo nyumbani tunalamba mpaka kwenye kiwiko, hapa inachorwa mstari mmoja tu, kama mwalimu anayepiga mstari chini ya jibu lililokosewa. Mzee mmoja wa Nzega, mwenye ng'ombe asiowajua idadi, alimaliza sahani kwa matonge mawili akaniuliza chakula kinakuja lini. Nikamwambia ukweli, kwamba ndicho hicho kimeshapita. Nikakemewa. Mpaka leo sijaambiwa nilitakiwa nimdanganye vipi.

3. Kusimama ukutani, mikono nyuma, kuangalia watu wakila. Kwetu mtoto akifanya hivyo anachapwa. Hapa tunapewa maksi. Mwenzangu Swaumu, binti wa fundi cherehani wa hapa mjini, anapata kumi kwa kumi kwa kusimama. Simwonei wivu. Mimi nabeba sahani nne kwa mkono mmoja, yeye tatu, na ninazovunja ni chache ukilinganisha na ninazofikisha.

4. Sasa paja lenyewe. Jumatano mchana alikuja Mzee Uwesu, mtu wa miradi ya visima, pamoja na wenzake wawili wenye laptopu. Nilipommiminia maji, kidogo yakapita pembeni. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Sikonge, Mnyamwezi asiyechanganywa na kitu. Akawaambia wenzake wasinilaumu, mkono wa Mnyamwezi umeumbwa kwa mizigo, glasi inampotea humo. Nikamuuliza na yeye kwao wapi. Akasema Kisarawe, Mzaramo.

Mwalimu, kumbe ni mtani wangu wa tangu mababu! Nikampa pole kwa kukalishwa kwenye kiti wakati najua kwao ni mkeka, na nikamwahidi kwamba ngoma ikilia huko nje asihangaike, akimbie tu, nitamshikia uma. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Karibu tule, mpagazi wangu."

Dada Elieth ana hoja moja tu, kwamba mhudumu hali chakula cha mteja. Lakini mimi nilikaribishwa, na aliyenikaribisha ni mtani. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka hapa hadi pwani, wakapita kwa hao Wazaramo, wakataniana, na utani haujaisha mpaka leo. Hata msibani mtani anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na marehemu halalamiki. Itakuwa kuku? Nikachukua paja, nikala nimesimama wima, mkono wa kushoto nyuma, kama nilivyofundishwa.

Wale wenzake waliacha kutafuna. Mzee Uwesu akagonga meza kwa kicheko, akasema nimemuwahi, alikuwa amelibakiza la mwisho. Ila Dada Elieth ni mtu wa Moshi, kafika Tabora mwezi wa tatu. Yeye aliona tu mhudumu anatafuna kuku wa mteja mbele ya mteja. Mzee akamweleza kwamba hana kinyongo. Akajibu kwamba kwenye mwongozo wa mgahawa hakuna ukurasa wa utani. Toka siku hiyo namenya vitunguu.

5. Kwa hiyo naomba Dada Elieth apewe mafunzo ya utani, wiki mbili. Mkufunzi nipo. Naomba pia mteja anapoweka nafasi ya meza aulizwe kabila, watani wangu waletwe kwangu, wengine wapelekwe kwa Swaumu. Chuo kianzishe somo la utani, na kwa kuwa mtihani wake wa vitendo nimeshaufanya mbele ya mashahidi, nihesabiwe nimefaulu. Na ikiwezekana Wizara itamke rasmi kwamba mali ya mtani haina mwenyewe. Mtani akichukua, amechukua. Anayenuna, anayeita polisi au anayedai kurudishiwa, huyo anavunja mila ya nchi na uraia wake uangaliwe vizuri.

Nisalimie Mama Paskazia wa stoo, Anton wa getini anayejua saa zangu za kuchelewa, na darasa zima la ushonaji, hasa dawati la mbele.

Ni mimi, nikimenya kwa unyenyekevu,
Masolwa Lugembe.

Nyongeza: Mwalimu, kabla sijafunga bahasha mambo yamegeuka. Leo asubuhi Mzee Uwesu alipita kuaga kabla ya treni. Alikunywa chai na Dada Elieth, akamwelewesha mpaka dada akasaini daftari langu, na maksi akaweka za kushiba. Mzee akaomba aione hiyo saini. Nikampa. Akalitia daftari kwenye begi, akafunga zipu, akasema yeye ni mtani wangu, nikilitaka nikalikomboe Kisarawe kwa jogoo mzima. Akapanda treni. Dada Elieth alicheka mpaka akakaa chini, anasema sasa utani ameuelewa. Mimi sioni cha kuchekesha. Huu ni wizi wa nyaraka. Tafadhali wapigie polisi wa stesheni ya Dodoma wamteremshe kabla hajafika mbali, na lile somo nililoomba lisianzishwe. Mambo ya mababu yamepitwa na wakati.