Kuchana Kurasa za Kesho

Jumatatu, 4 Novemba

Mwalimu Feridun ameniumbua tena. Mara ya nne mwezi huu, na mwezi wenyewe una siku nne!

Bustani ya chai ya Bekir, saa kumi alasiri, meza yetu ileile karibu na jiko. Mimi, Mwalimu, na Müzeyyen Hanım, yule bibi anayekaa juu yangu, ghorofa ya pili. Koti nimelipiga pasi, nywele nimezilaza kwa maji. Nikasema baridi imeanza. Hilo tu! Mwalimu akalidaka. Eti baridi ndiyo inayoamsha tunguu la ua liitwalo tulipu. Tulipu lilitoka kwetu likaenda Uholanzi. Waholanzi wakapandwa na wazimu, tunguu moja likauzwa kwa bei ya nyumba. Na haohao Waholanzi ndio waliotorosha miche ya kahawa kutoka Yemen. Na kahawa hiyohiyo kuna sultani wetu aliyeipiga marufuku hapahapa Istanbul. Mzee wa watu hapumui!

Müzeyyen Hanım aliduwaa, chai yake ikapoa. Nikizungumza mimi, huimaliza yote.

Kisha likaja pigo. Müzeyyen Hanım akasema binti yake wa Ankara anamtaka ahamie kwake. Anaondoka Jumamosi, basi la saa tatu asubuhi. Nyumba ataipangisha.

Miaka kumi na moja namsikia akitembea juu ya kichwa changu. Najua amevaa ndala au viatu. Najua goti linapomuuma. Sasa nani atatembea huko juu? Nimekula kiapo: haendi. Nina siku tano.

Jumanne, 5 Novemba

Nimegundua! Lo, mwizi mkubwa yule!

Asubuhi nimechana ukurasa wa jana kwenye kalenda ya ukutani. Nikaugeuza. Tulipu! Uholanzi! Bei ya nyumba! Neno kwa neno! Kalenda hii iko kila nyumba mtaani: mbele tarehe na nyakati za sala, nyuma habari za kale, pishi la siku na majina ya watoto. Mimi miaka yote nasoma pishi tu. Mwalimu anasoma habari asubuhi, saa kumi anatutapikia sisi kama ametoka nazo chuo kikuu.

Basi ngoja. Akisoma ya leo, mimi nitasoma ya kesho. Marehemu mama alikuwa akinichapa kiganja nikigusa ukurasa ambao siku yake haijafika. Mama, nisamehe. Nimechana wa leo na wa Jumatano, nikazificha chini ya godoro.

Saa kumi, kabla Mwalimu hajakohoa, nikaanza. Zamani, nikasema, mgeni aliletewa kahawa na glasi ya maji. Akianza na kahawa, ameshiba. Akianza na maji, ana njaa, na mwenye nyumba anaandaa chakula bila kumuuliza lolote, asije akamwaibisha.

Müzeyyen Hanım akaweka glasi chini. Akasema hiyo ni heshima kubwa, kumlisha mtu bila kumlazimisha aombe. Akaniuliza nimeyatoa wapi.

“Nasoma, Hanım. Nasoma sana.”

Chai yake ikapoa! Nilikuwa naitazama. Ikapoa kabisa.

Jumatano, 6 Novemba

Aibu. Mwalimu kaja na ukurasa wa leo mkononi, anaupunga kama bendera.

“Rüknettin Bey, hii ya leo umeisema jana! Umekuwa mtabiri siku hizi?”

Bekir alicheka mpaka sinia likamponyoka. Nikajikausha. Nikasema aliyeandika kalenda na mimi tumesoma kitabu kimoja. Kitabu gani, akauliza Mwalimu. Nikasema kina jalada jekundu. Müzeyyen Hanım alitazama kando, mabega yakimtikisika.

Haidhuru. Nimeshachana wa Alhamisi, nao una dhahabu. Enzi za masultani, maua ya manjano dirishani yalikuwa ishara kwamba ndani kuna mgonjwa. Basi! Nimenunua krisanthemu za manjano, nimezipanga dirishani, nimejifunga skafu shingoni, nimejilaza. Müzeyyen Hanım atapita akitoka dukani. Ataona. Ataleta supu. Na mgonjwa akimwambia mtu asiende, nani ana moyo wa kukataa?

Saa moja jioni, hodi. Nikaikaza skafu. Nikatoa sauti ya mtu anayekata roho: karibu.

Mwalimu Feridun! Na sufuria ya supu ya dengu! Naye ameanza kuchana kurasa za kesho, hana haya!

Kakaa saa tatu nzima. Kaniambia habari za dengu tangu enzi za Nuhu. Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni, akitazama viatu vyake, akasema hajui mimi na yeye tutakuwa tunabishania nini, na mbele ya nani, Müzeyyen Hanım akishaondoka. Nikamrudishia sufuria yake, tupu. Supu yenyewe ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kitu cha ajabu: jioni nzima sikusikia hatua hata moja huko juu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekutana na Müzeyyen Hanım kwenye ngazi, kabeba maboksi matupu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata nafuu. Aliona maua dirishani, akasema, na maana yake anaijua tangu zamani, kwa hiyo jana usiku mzima amenyata, na viatu amevivua mlangoni, asinisumbue.

Amenyata! Mimi nataka abishe hodi, yeye ananyata!

Hapo ndipo iliponibidi niseme. Mdomo nikaufungua. Neno lilikuwa fupi tu: usiende. Badala yake nikasikia mtu anasema kwamba yule askofu mwema ambaye Wazungu wamemgeuza mzee wa zawadi za Krismasi, mwenye ndevu nyeupe, alizaliwa Patara, kwenye pwani yetu ya kusini. Mtu huyo alikuwa mimi. Ni ya ukurasa wa Ijumaa, niliuchana asubuhi.

“Sawa, Rüknettin Bey,” akasema, akapanda juu na maboksi yake. Sijawahi kujichukia hivi.

Usiku huu sitalala.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kituoni, mgongoni mwa ukurasa wa Patara. Usingizi ulinikamata alfajiri. Nimeamka, ukuta unasema Jumamosi, saa inasema mbili na dakika ishirini! Nimevaa koti juu ya fulana ya kulalia. Nimenyakua krisanthemu zote. Nimekimbia, mimi, mwenye umri wa miaka sitini na saba! Bekir alikuwa anafungua bustani, akaniuliza kuna moto wapi. Sikusimama.

Basi la saa tatu la Ankara limeondoka. Nimechungulia kila dirisha. Hayumo. Labda atakuja kwa lile la saa tano. Nangoja.

La saa tano limeondoka. Hayumo.

Saa sita na ushei. Minara yote inasoma sala na salamu kwa Mtume, kwa sauti ile ya huzuni wanayotangazia msiba. Maskini, nani kafa? Nimemwombea. Kisha nikafikiri, mtu anaweza kufa bila kusema neno moja alilokuwa nalo mdomoni, machozi yakanitoka mbele ya muuza tiketi. Nangoja.

Ijumaa, 8 Novemba

Ndiyo, nimeandika sawa. Ijumaa.

Hakuna aliyekufa. Ile ilikuwa sala inayosomwa kila wiki kabla ya sala ya Ijumaa. Muislamu mzima, nimekaa nje ya msikiti Ijumaa, namlilia maiti asiyekuwepo!

Saa kumi na moja akaja. Müzeyyen Hanım mwenyewe, bila mzigo, anahema. Bekir alimwambia wakati wa chai kwamba nilipita asubuhi mbio na maua. Akanitazama: koti, fulana, maua yamelala.

“Rüknettin Bey, unafanya nini hapa? Basi langu ni kesho!”

Nikasema kesho ni Jumapili.

“Kesho Jumamosi, mtu wa Mungu!”

Nikasema kwangu ukutani leo ni Jumamosi. Hapo akaelewa. Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi, na mimi nikatamani sakafu ipasuke. Kisha akaacha kucheka. Akauliza niko hapa tangu saa ngapi. Nikasema tangu kabla ya saa tatu. 

Akaagiza kahawa. Ikaja na glasi ya maji. Koo lilikuwa limekauka, nikachukua maji, nikayamaliza yote. Akainuka, akaenda zake. Nikajua nimemuudhi. Akarudi na mikate miwili ya duara yenye ufuta, jibini na yai la kuchemsha, akaviweka mbele yangu, wala hakuuliza lolote. Nilikuwa nimeshatafuna nusu mkate ndipo nikaelewa.

“Unazisoma?” nikamuuliza.

Akasema anazisoma zote. Kila asubuhi, miaka yote. Tulipu alilijua kabla ya Mwalimu. Anamwachia aseme kwa sababu Mwalimu anafurahi. “Lakini wewe,” akasema, “nimekuwa nangoja siku utakayoniambia kitu ambacho hakipo kwenye kalenda.”

Mdomo umejaa mkate. Nikasema hivyohivyo.

“Usiende.”

Aliyatazama mabasi. Akasema binti ni binti, na kuna mjukuu ambaye ameanza kutembea. Lazima aende. Ila atakaa wiki moja tu. Nyumba haipangishi. Atarudi Jumamosi ya tarehe kumi na sita, kwa basi linaloingia saa kumi.

Kisha akanirekebisha kola. Nimefurahi kiasi kwamba sijui niweke wapi mikono.

Jumapili, 10 Novemba

Ameondoka jana, Jumamosi ya kweli. Mwalimu alishika mpini mmoja wa begi, mimi mwingine. Mwalimu alitoa machozi, akasema ni moshi wa basi. Nami nikasema ni moshi.

Kabla mlango haujafungwa aliniapisha: siku moja, ukurasa mmoja, na usiuguse wa kesho. Nimeapa kwa kaburi la mama. Nimejifunza. Wallahi nimejifunza. Papara ndiyo iliyonitia aibu.

Huko juu kimya kabisa. Hakuna ndala wala viatu.

Saa nne nimechana wa leo. Ni haki yangu. Nyuma kuna pishi la maboga. Nikachana wa kesho, kuangalia tu kama kuna kitu cha kumweleza akirudi. Hakuna kitu. Wa Jumanne nao ulikuwa umelegea wenyewe. Baada ya hapo mkono ulikwenda tu, na kwa kila ukurasa moyo ukawa mwepesi kidogo.

Nimechana kurasa sita. Ukuta sasa unasema Jumamosi, tarehe 16 Novemba. Koti nimelipiga pasi. Mezani nimeweka vikombe viwili na glasi ya maji. Basi linaingia saa kumi, na saa hizi ni saa nane. Natoka sasa hivi, nisije nikachelewa.