Gari Linaloumwa Madoa

Daktari aliliona gari kwanza, mwenye gari baadaye, na aibu hakuiona kabisa.

Lilikuwa gari jeusi, limeegeshwa uani katikati ya jua la saa sita mchana, na mwili wake wote ulikuwa umejaa madoa meupe ya maji, kuanzia boneti hadi buti. Pembeni yake alisimama mama mmoja wa makamo, mpira wa maji mkononi, akilimwagilia kana kwamba anategemea liote. Alipomaliza alifunga bomba, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kuliacha gari lijikaushe lenyewe. Taulo hakuwa nalo, na hakuonekana kulihitaji. Nje ya geti, Daktari alizima pikipiki yake na kumshukuru Mungu kwa kuumba watu wa aina hii.

Ni vizuri tumweleze mapema. Huyu hakuwa daktari wa watu, na watu wengi wako hai kwa sababu hiyo. Alikuwa daktari wa rangi za magari, cheo alichojipa mwenyewe siku aliyoliona koti jeupe kwenye mitumba likamkaa vizuri. Kazi yake ilikuwa kupita mitaa yenye magari mazuri na maji mabaya. Maji ya kisima, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuchungulia ndani ya birika lake, yana chokaa. Ukioshea gari juani, maji yanakauka, chokaa inabaki, na kila tone linaacha alama lilipokaa. Kinga yake haina siri: osha kivulini, kausha kwa taulo kabla jua halijakukaushia. Madoa yakishashika, changanya siki na maji, pitisha kitambaa, suuza, kausha tena. Hata mtu mvivu anaweza. Lakini Daktari alikuwa na koti, kioo cha kukuzia, na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, na kwa hivyo siki ile ile ya jikoni, ikitiwa rangi ya bluu, iligeuka kuwa tiba ya maradhi ambayo jina lake lilikuwa refu na kila wiki lilibadilika kidogo.

Siku nyingine angempiga mama changa la macho, amuuzie chupa, aende zake. Siku hiyo alitaka zaidi. Alilitaka gari lenyewe.

Sababu ilikuwa mkewe. Mkewe alikuwa amehamia kwa kaka yake tangu mvua zilipokatika, amechoka kuolewa na mtu anayerudi kila jioni na hadithi mpya ya nani kalizwa leo. Hakupiga kelele alipoondoka. Alisema tu kwamba miaka yote ameahidiwa gari, na siku mumewe atakapolisimamisha getini kwa kaka yake, gari lake mwenyewe, si la kuazima wala la kukimbia nalo, atapanda na kurudi nyumbani. Kabla ya hapo asisumbuliwe. Na Daktari, pamoja na uongo wake wote, alimpenda kweli yule mwanamke. Shemeji naye hakumsaidia. Kila Jumamosi aliosha gari lake mbele ya nyumba, polepole, akilikausha kwa taulo mlango baada ya mlango, hasa Daktari akiwa anapita.

Basi Daktari alivaa koti na kubisha hodi. Alilizunguka gari akiguna, akapiga goti, akasogeza kioo chake karibu na doa moja na kulitazama kwa muda ambao doa lolote lenye heshima lingeona haya.

"Mama, hali hii imeanza lini?"

"Tangu marehemu aondoke, mwanangu. Naliosha kila siku, na kila siku yanazidi."

"Unaliosha." Daktari alivua miwani, ambayo kioo chake kilikuwa cha kawaida kama cha dirisha. "Pole sana, mama. Hapa hakuna uchafu wa kuosha. Huu ni ugonjwa."

Mama aliweka mkono kifuani. "Litapona?"

"Haliponi, mama. Linatunzwa tu mpaka siku yake."

Kisha akafunguka. Alieleza kwamba maradhi haya hutoka ndani ya bati na kujitokeza kwenye rangi, kama surua. Alieleza kwamba yanaambukiza, na kwamba ameshuhudia kwa macho yake nyumba ambayo yalianza kwenye gari, yakahamia kwenye geti, yakaishia kwenye sufuria. Mama aliivuta ndoo yake karibu, mbali na tairi. Daktari alipoona hivyo alishusha sauti na kusema kwamba, kwa hisani tu, kwa sababu hata yeye ana mama, yuko tayari kuliondoa gari hilo hapo leo hii na kwenda kuliuguza mbali na watu.

Mama alifikiri. Alisema kukitoa bure kitu cha marehemu ni kumkosea adabu, labda kama angepata chochote cha kumkumbukia. Na macho yake, kwa bahati tu, yakaangukia pikipiki.

Pikipiki ile ilikuwa mali pekee ya Daktari iliyopatikana kwa jasho. Aliinunua enzi za kubeba zege, kabla hajagundua kwamba mdomo hauchubui mabega. Aliitazama, akalitazama gari, akamwona mkewe amekaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, mkono nje, na shemeji amesimama kando na taulo lake. Akaomba kulijaribu. Aliwasha, injini ikaimba. Alilizungusha uani, likaenda mbele, likarudi nyuma. Alikagua tairi, taa, breki na oili. Rangi hakuikagua, yeye anayeishi kwa rangi, kwa sababu aliyaona madoa, na madoa aliyajua.

Mama naye aliikagua pikipiki. Alibonyeza tairi, akavuta mnyororo, akanusa kifuniko cha tangi, akaipanda na kuzunguka uani akibadilisha gia bila kutazama chini. Daktari alidhani ni majonzi.

"Mimi ni mjane, mwanangu, sitaki maneno baadaye," mama alisema, na kumwita jirani yake, fundi cherehani, asimame upande wa pili wa ua awe shahidi. Daktari aliombwa aseme mwenyewe, na alisema kwa sauti ya mtu anayepokea tuzo: amelichukua gari hili lilivyo, na madoa yake, na maradhi yake yote, na hatalirejesha. Kadi ya gari ikatolewa, wakapeana mikono.

"Nakuomba jambo moja tu," mama alimwambia Daktari alipokuwa ameshakaa kwenye usukani. "Usiyatoe hayo madoa. Marehemu alikuwa akisema ndiyo yanayolishikilia hilo gari."

Daktari aliapa kwa jina la mamake. Alijizuia hadi kona ya kwanza, kisha akacheka mpaka akalazimika kusimama pembeni.

Asubuhi iliyofuata, uani kwenye nyumba aliyopanga, kabla jua halijavuka ukuta, alilifanyia gari lile yote ambayo kwa miaka alikuwa akiwaficha wengine. Alianza kwa kulimwagia maji kutoa vumbi. Alisugua kwa sifongo na sabuni laini, ndoo moja ya povu na nyingine ya kusuuzia sifongo, toka juu kwenda chini. Alisuuza kwa maji ya mvua aliyokuwa amebakiza kwenye pipa, yasiyo na chokaa. Alichukua siki yake, safari hii bila rangi ya bluu, akapitisha kitambaa kwenye boneti, akangoja kidogo, akafuta, akasuuza na kukausha kwa taulo kabla ya kugusa sehemu nyingine. Madoa yaliondoka bila ubishi. Weusi ulitoka chini yake, mzito, mpaka akaona uso wake kwenye mlango na kuupenda. Akamalizia na nta. Ilikuwa kazi ya kwanza ya halali aliyoifanya tangu aache zege, na aliifanya vizuri sana, jambo ambalo ndilo lililomponza.

Jua lilipovuka ukuta na kuliangukia gari zima kwa mkupuo, Daktari alirudi nyuma hatua chache alifurahie. Akalifurahia. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja.

Mbele, gari lilikuwa jeusi la kuelekea bluu. Nyuma, lilikuwa jeusi la kuelekea kahawia. Rangi hizo mbili zilikutana nyuma kidogo ya milango ya mbele, kwenye mstari uliopanda nguzo, ukavuka paa na kushuka upande wa pili, umenyooka kama mshono wa suruali. Aligonga mbele ya mstari kwa kidole, bati likalia. Akagonga kwenye mstari wenyewe, likatoka pu, sauti ya puti, ule udongo laini ambao mafundi huzibia wanachotaka kisionekane. Alifunua zulia la ndani na kukuta makovu ya kuchomelea yakikatiza sakafu kutoka mlango hadi mlango. Hakuwa na gari. Alikuwa na nusu mbili za magari mawili yasiyojuana, na kilichokuwa kimeyasitiri muda wote kwa macho ya watu ni madoa.

Mtu mwenye akili angekaa chini. Daktari alijiambia kwamba wanawake hawatazami paa, akaliendesha taratibu hadi kwa shemeji yake na kupiga honi.

Mkewe alitoka. Alilitazama gari, akamtazama yeye, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso ule alioukosa, na Daktari nusura alie. Kisha mkewe akaanza kulizunguka. Alipofika kwenye mstari alisimama, akaufuata kwa kidole kutoka chini hadi paa.

"Hili ni gari," aliuliza, "au ni ndoa ya mitara?"

"Panda kwanza, mke wangu, tutaongea njiani."

"Nikipanda nyuma na likaachana njiani, wewe utafika nyumbani na nani?"

Shemeji alilazimika kujifunika uso kwa taulo lake. Mkewe hakucheka. Aliuliza pikipiki iko wapi, akaambiwa. Alisema pikipiki ile ndiyo aliyoletewa posa nayo, na ndicho kitu pekee nyumbani kwao kilichokuwa cha kweli. Siku atakayoiona tena hapa getini, atapanda hata bila helmeti. Gari hili la vipande asilione tena. Akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, na afadhali angeubamiza.

Daktari alilikanyagia hadi kwa mjane, kadiri nusu mbili zinavyoweza kukanyagiwa. Alimkuta uani, kwenye jua la saa sita, mpira wa maji mkononi, akimwagilia gari jingine jeusi. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kivulini.

"Mama, umeniuzia nusu mbili."

"Nusu mbili za nini, mwanangu?"

"Za hili gari lako."

Mama alifunga bomba na kulitazama kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. "Hili silijui. Langu lilikuwa linaumwa, na daktari mwenyewe aliniambia haliponi. Hili lako linang'aa."

Aliitwa fundi cherehani. Alikuja na pini mdomoni, akalizunguka gari, na kusema bila chuki yoyote kwamba lile aliloshuhudia lilikuwa na madoa, na hapa haoni hata doa moja. Daktari alifungua mdomo, ule mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Kadi alikuwa nayo, lakini ili kueleza madoa ya ugonjwa usiopona yamekwenda wapi, ilibidi aseme kwamba hutoka kwa siki, na mbele ya shahidi. Akaufunga.

Mama alimletea kiti. Walivyokaa, walionekana kama mtu na mamake.

"Kwa nini mimi, mama?" aliuliza Daktari.

"Wamepita wengi hapa. Kuna mwalimu mmoja alisimama getini akaniambia, mama, usioshe juani, kausha kwa taulo, na hayo yaliyobaki paka siki. Hakutaka hata maji ya kunywa. Nilimshukuru, akaenda zake. Mtu wa namna hiyo humfanyii jambo kama hili, roho inakusuta." Mama alisimama na kuuchukua tena mpira wake. "Nilikuwa namngoja atakayeniambia ni ugonjwa."

Tangu siku hiyo, ukipita mtaa fulani saa sita mchana, utaliona gari jeusi uani, na mwanamume mwenye shati lililochakaa akilimwagilia maji ya kisima na kuliacha likauke. Koti jeupe limerudi kwenye mitumba. Pipa la maji ya mvua limefunikwa. Madoa yalirudi haraka kuliko alivyotarajia, yakafunika mshono, yakafunika rangi zote mbili. Mama mmoja aliyetoka sokoni alimwonea huruma na kumshauri anunue taulo. Daktari alimshukuru kwa heshima iliyomshangaza yeye mwenyewe, akamsindikiza hadi barabarani na mzigo wake.

Kisha, mchana mmoja, akasimama getini bwana mmoja mwenye tai na mkoba. Alishuka kwenye pikipiki yake, akalitazama gari, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Ndugu yangu," alisema, "hili gari limekwisha. Huu ni ugonjwa."

Daktari hakumtazama usoni. Alitazama tairi la mbele, tairi la nyuma, mnyororo. Pikipiki haikuwa yake ile, lakini ilikuwa ya aina ile ile, na mpya kidogo kuliko ile, ya kumfanya mjane akubali kubadilishana na ile iliyoegeshwa kivulini kwake. Akafunga bomba, akaweka mkono kifuani.

"Litapona?"