Jehanamu Yapata Mkurugenzi Mkuu

Wizara iliutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba suala la jehanamu hatimaye limepatiwa ufumbuzi: limeundiwa tume. Kwa miaka mingi wahubiri walikuwa wakiwaelekeza wananchi huko kwa vipaza sauti, Jumapili hadi Jumapili, bila yeyote ofisini kujua kama ni mahali hasa, ni hali ya moyo, au ni maneno tu. Serikali makini haiwezi kuvumilia mahali panapotajwa na kila mtu halafu pasiwe na mkuu.

Mwenyekiti wa tume alikuwa Mkurugenzi wa Vituo vya Kazi, mtu mzito kwa mwili na kwa barua. Yeye ndiye aliyewapangia watumishi wote vituo, na hakuwahi kumpendelea mtu: kila aliyemlilia alimkatalia sawasawa na mwenzake. Asubuhi ile ile ya tangazo, karani wa masjala aliingia ofisini kwake na barua ya uhamisho mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba. Mama yangu anasafishwa damu hospitali ya hapa mjini, na mtoto wake ni mimi peke yangu. Huko mlikonipangia nilikwenda kupaona. Ofisi haina paa. Maji ndiyo hakuna kabisa."

"Marahaba, binti yangu. Utabeba chupa."

"Na mama je?"

"Kituo ni kituo," alisema Mkurugenzi kwa upole wa kibaba, huku akimwonyesha mlango. "Mtumishi wa umma hachagui. Barua ikishatoka ni kuripoti, bila visingizio."

Alimwonea huruma kweli, kwa kiwango kinachoruhusiwa. Kisha akashuka ukumbini kushughulikia jehanamu.

Ukumbi ulikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kujilazimisha. Wa kwanza kusimama alikuwa Mchungaji, mwenye kanisa la mabati na spika ambazo jirani zake walikuwa wamechoka kuzilalamikia.

"Jehanamu ipo, na moto wake ni moto!" alinguruma. "Yule tajiri wa kwenye Maandiko aliomba tone la maji aburudishe ulimi. Hali ya moyo haishikwi na kiu, ndugu zangu!"

Padri mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Ule ni mfano, ndugu yangu. Jehanamu ni kujitenga na Mungu kwa hiari yako mwenyewe. Mtu anaweza kuwa ndani yake huku amekalia kiti kizuri tu." Alimtazama Mwenyekiti, bila nia mbaya.

Mwalimu wa chuo cha theolojia akasema wote wawili wamekosea. Moto upo, ila unamaliza: mwovu anaungua, anakuwa majivu, basi, hakuna wa kuteseka milele. Tena, akaongeza, neno lenyewe limetokana na bonde moja nje ya mji wa kale, ambako wengi husema takataka zilikuwa zikichomwa.

Ofisa wa Idara ya Usafi, aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma, alishtuka na kunyoosha mkono. "Kama ni dampo, basi hilo ni letu."

Hapo Mkurugenzi akaona mambo yanataka kumponyoka. Jehanamu ikiwa hali, haina bajeti. Hali haiwekewi mipaka, haipewi gari, na majivu nayo hayahitaji usimamizi. Lakini mahali! Mahali panataka Mkurugenzi Mkuu, cheo alichokitamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi zenyewe.

"Waheshimiwa," alisema, "imani zenu naziheshimu. Lakini kiutawala, mtu hupelekwa mahali. Sijawahi kusaini barua ya kumpeleka mtu kwenye hali."

"Lakini mwanangu," Padri alisema, "hujauliza Mungu mwenyewe anasemaje."

"Hakutuma mwakilishi, Baba."

Azimio likapita. Jehanamu ni mahali halisi, pana moto halisi na wakazi wa kudumu, na panafaa kuwa kituo cha kazi daraja la kwanza chini ya Mkurugenzi Mkuu. Mwenyekiti alisaini kwa kalamu yake ya sherehe, akampigia simu mkewe. "Mama watoto, ile suti ya bluu ipelekwe kwa dobi."

Wiki iliyofuata aliitwa na Waziri, mama mmoja mwenye haraka aliyekuwa amemvumilia kwa muda mrefu.

"Hongera, uteuzi umepita," Waziri alisema, akimpa barua. "Ofisi ya zamani umeshaikabidhi?"

"Tangu jana, Mheshimiwa. Na gari?"

"Gari lipo. Dereva ndiye amekataa."

"Na ofisi yangu itakuwa ghorofa ya ngapi?"

"Ghorofa? Mkuu wa kituo anaishi na kufanya kazi kituoni. Si kanuni yako hiyo? Nimeisoma, safi sana. Unaripoti, bila visingizio."

Mkurugenzi Mkuu alicheka. Waziri hakucheka. Ndipo woga ulipompata, akaushika ukingo wa meza.

"Mheshimiwa, ile hoja ya Padri ilikuwa na uzito wake. Kimsingi ni lugha ya mfano."

"Umesaini moto halisi."

"Kuna pia hoja ya majivu," alisema, kisha akaona hiyo haimsaidii.

"Kama ulitudanganya kwa saini yako, sema, kuna utaratibu wake. Kama hukudanganya, safari njema."

Alishuka masjala barua yake igongwe mhuri. Aliyemkuta mezani ni yule karani.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ni mtu wa kanisani. Hivi jehanamu ni mahali kweli?"

"Ya kwako siijui, mzee. Ile uliyonipangia mimi ipo, niliiona kwa macho yangu."

"Barua yako nitaifuta leo hii!"

"Kwa kiti kipi, mzee? Waziri ameshaisimamisha, mpaka apatikane wa kukaa pale ulipokuwa. Mama amefurahi sana, anakusalimu."

Akagonga mhuri. Kisha akatoa chupa ya plastiki chini ya meza, akaijaza maji bombani, akaifunga vizuri, akaiweka juu ya barua.

"Kituo ni kituo," alisema, kwa upole ule ule. "Utabeba chupa."

Mkurugenzi Mkuu aliipokea kwa mikono miwili.