Sarafu ya Herufi Pacha

Mnunuzi wa sarafu alikuwa na ofisi ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na siku hiyo subira ilikuwa imemwishia. Mbele yake alikaa bwana mmoja mwenye tai safi na shati lililopigwa pasi mbele tu, maana nyuma koti lingefunika. Mtaani walimwita Darubini, kwa sababu aliweza kuona kilichomo mfukoni mwa mtu kabla mwenyewe hajafika.

Darubini alikuwa ameleta kopo zima la sarafu za kawaida, zile za kununulia mkate, ila zote zilikuwa na kasoro moja: maandishi yake yalionekana mara mbili, kama mtu aliyefuatana na kivuli chake. Mnunuzi alizipitisha chini ya kioo cha kukuzia, moja, nyingine, nyingine tena, kisha akafunika kopo.

"Rudi nazo dukani ukanunue sukari," akasema. "Hapa mashine ilitikisika tu wakati wa kupiga chapa. Ona, herufi hii ya pili ni bapa, imelala kama kidato cha ngazi. Sisi tunatafuta kosa la mhuri wenyewe. Hapo herufi zote mbili zinakuwa nene, zimesimama sawa, na ncha zake zimepasuka. Ya namna hiyo ukiipata, nitakuja mwenyewe kwako kuichukua."

"Na mtu wa kawaida anaweza kuzitofautisha?"

"Mtu wa kawaida hawezi hata kutofautisha sarafu na kifungo."

Mwingine angeshuka ngazi amenuna. Darubini alishuka akipiga mluzi. Kitu kisicho na thamani kinafanana na chenye thamani, na anayejua tofauti ni mtu mmoja tu aliyejifungia ghorofani! Kwa mwenye kipaji, huo si mkosi. Huo ni mtaji.

Kilichobaki kilikuwa kumpata mteja, na Darubini hakuhangaika. Mtaa wa pili kulikuwa na mzee mwenye duka la miwani, mtu aliyekutoza hata kwa kukufutia vioo. Darubini akampelekea miwani iliyolegea skrubu. Ilipokazwa, akajipapasa mifuko yote, uso ukamshuka.

"Pochi nimeiacha nyumbani, mzee wangu. Shika hii sarafu kama rehani. Ina kasoro kidogo lakini naithamini, aliniachia marehemu baba. Jioni naikomboa."

Mzee akaitupa juu ya kaunta bila kuitazama.

Haikupita saa akaingia mteja wa pili, amevaa suti ya kukodi na kutembea kama mtu aliyezoea kusubiriwa. Huyo alikuwa shemeji yake Darubini, kaka wa mkewe, kijana mvivu kwa kila kazi isipokuwa kuigiza. Alijaribu fremu mbili, akaiona sarafu, akashika ukingo wa kaunta.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Mhuri uliokosewa. Nimezitafuta hizi mpaka nimeota mvi." Hakuwa na unywele mweupe hata mmoja, lakini mzee alikuwa anatazama sarafu, si kichwa. Shemeji akataja bei, na mzee akakaa. "Ngoja niende benki. Narudi kesho asubuhi. Usimpe mtu."

Darubini aliporudi jioni na hela ya skrubu, alimkuta mzee mpole kama daktari wa watoto.

"Unajua, kijana wangu, hii sarafu nimeipenda tu. Mjukuu wangu anacheza na vitu kama hivi. Niuzie."

"Ya marehemu baba? Hapana, mzee."

"Baba yako mwenyewe, huko aliko, angependa imfurahishe mtoto."

Wakavutana. Darubini alifuta jicho mara mbili, mara ya pili akalifuta lile ambalo halikuwa na chozi. Mwishowe mzee akafungua sefu, na Darubini akatoka na bahasha nene kiasi kwamba koti halikufunga.

Wiki hiyo nyumbani kwake walikula vizuri. Shemeji akaanza kuulizia bei za pikipiki. Mkewe Darubini, ambaye alikuwa na desturi ya kutouliza, akanunua friji na kuifuta kila asubuhi kama mtoto mchanga.

Kisha siku moja hodi ikapigwa, na mkewe akachungulia dirishani.

"Kuna mzee wa miwani hapa nje. Amebeba kifurushi."

Darubini alikuwa nyuma ya pazia la chumbani kabla sentensi haijaisha. Kutoka huko alimsikia mzee akisalimu kwa adabu, akimvalisha mkewe miwani mipya ya jua, na kusema ni zawadi ndogo tu.

"Mumeo amenitendea wema ambao siwezi kuulipa," mzee akaendelea. "Ile sarafu nimeipeleka kwa mnunuzi wa ghorofani. Ameniambia ni kosa la mhuri wenyewe. Ncha zimepasuka, herufi nene. Ametaja bei ya nyumba."

Nyuma ya pazia, Darubini alishika kichwa. Alikumbuka kwamba mnunuzi hakutazama kopo zima. Aliangalia chache, akachoka. Na yeye, mjinga wa wajinga, akachomoa moja bila kuchagua, akaenda kuiuza kwa uongo uliokuwa kweli!

Akatoka nyuma ya pazia akijifunga mkanda, kana kwamba alikuwa amelala.

"Karibu, mzee. Kumbe ni wewe."

"Nina ombi moja tu," mzee akasema. "Mnunuzi hataki kutoa hela mpaka apate karatasi yenye sahihi yako, useme sarafu ilitoka kwa marehemu baba. Bila wewe hainunuliki."

Darubini akamtazama mzee huyu mwenye tamaa, aliyekuja mwenyewe kuweka shingo mkononi mwake, na karibu amhurumie.

"Sahihi yangu siitoi," akasema taratibu. "Ulinidanganya kuhusu mjukuu. Ila kwa heshima yako, naweza kuinunua tena."

Mzee alilalamika, akamwita mnyang'anyi, akainuka kuondoka, akakaa tena. Mwisho alikubali, kwa mara mbili ya alichotoa. Shemeji akamwaga akiba yote ya pikipiki mezani. Friji ilitoka mlangoni siku hiyo hiyo, na mkewe aliifuta mara ya mwisho ikiwa mabegani mwa wapagazi. Hata saa ya Darubini iliuzwa.

Kesho yake alipanda ngazi mbili mbili. Mnunuzi akaweka sarafu chini ya kioo, akaigeuza, akamrudishia.

"Mtikisiko wa mashine. Si nilikwambia ukanunue sukari?"

"Lakini mzee wa miwani... Ulimwambia ncha zimepasuka."

"Nilimweleza zinavyokuwa, kama nilivyokueleza wewe. Hii yake nikamwambia haifai. Hakukasirika hata kidogo. Aliuliza tu kama kuna mwingine aliyewahi kuniletea za aina hii, anafananaje, na kama nilizitazama zote." Mnunuzi akafikiri. "Nikamwambia sikuzitazama zote. Basi akacheka mpaka akavua miwani."

Darubini alishuka ngazi moja moja. Chini, mbele ya duka la vitambaa, shemeji alikuwa anamsubiri, tayari amevaa kofia ngumu ya pikipiki aliyoazima ili aijaribu.

"Vipi, shemeji? Tumepata?"

Darubini alilegeza tai, akatazama urefu wa barabara ya kurudi nyumbani, ambayo sasa ingebidi waitembee.

"Tumepatikana," akasema.